Mgawo wa gramu 25: mapitio ya vitafunwa vitano kutoka rafu ya "afya"

Mama yangu amekuwa na kisukari kwa miaka tisa, na mwanzoni mwa mwaka huu muuguzi wa kliniki anayohudhuria hapa Dar es Salaam alimwongezea agizo moja juu ya yale aliyokwisha kuyazoea: asile chakula chochote cha pakiti kabla ya kusoma jedwali lililoandikwa nyuma yake. Mama alilitii agizo hilo kwa uaminifu ule ule anaomezea vidonge vyake. Alivaa miwani, akasimama mbele ya rafu ya vyakula vya afya katika duka kubwa tunalonunulia mahitaji ya mwezi, akalinganisha namba za pakiti moja na za nyingine, na mwishowe akairudisha pakiti ya karanga zilizokaushwa kwa moto aliyokuwa ameishika, akachukua kripsi za ndizi. Karanga zilikuwa zimeandikwa kilokalori 585. Kripsi zilikuwa zimeandikwa kilokalori 130. Kwa maandishi aliyoyasoma, uamuzi wake ulikuwa sahihi. Kwa chakula kilichokuwamo ndani ya pakiti zile mbili, ulikuwa kosa.

Namba ya karanga ilikuwa ya gramu 100, ambao ndio uzito wa pakiti nzima. Namba ya kripsi ilikuwa ya gramu 25, wakati pakiti ina gramu 80. Ukizipima zote mbili kwa gramu 100, karanga zina kilokalori 585 na kripsi zina 520, tofauti ambayo haifiki hata kilokalori 70. Lakini kilichotuumiza zaidi hakikuwa nishati. Kwa mgonjwa wa kisukari swali la kwanza ni wanga, na hapo karanga zile zina gramu 21 kwa kila gramu 100, gramu 8 kati yake zikiwa makapimlo, yaani nyuzinyuzi zisizomeng'enywa kuwa sukari, ilhali kripsi zina gramu 62. Mama aliacha chakula chenye gramu 24 za protini akachukua chenye gramu 2, na alifanya hivyo kwa sababu alisoma lebo, si kwa sababu aliipuuza.

Nimeamua kuandika mapitio haya baada ya kununua vitafunwa vitano kutoka kwenye rafu hiyo, pakiti tatu za kila kimoja, kwa muda wa miezi miwili, na kuvipitisha vyote kwenye mizani yetu ya jikoni. Watengenezaji sitawataja, wala duka, kwa kuwa kasoro ninayoieleza haikuanzia kwao na haitaisha hata mmoja wao akijirekebisha. Niseme pia mapema kwamba katika uzito sikumkamata mtu yeyote. Pakiti ya gramu 80 ilikuwa na gramu 79 mara moja, 81 mara ya pili na 80 mara ya tatu, na nyingine zote zilikuwa hivyo hivyo. Namba zilizoandikwa ni za kweli. Kinachopotosha ni kile kipande kidogo cha chakula ambacho namba hizo zimekubaliana kukihesabu.

Kipande hicho ndicho ninachokiita mgawo: kiasi ambacho mtengenezaji anasema mtu mmoja hula kwa mara moja. Huandikwa juu kabisa ya jedwali, kwa herufi ndogo, pamoja na idadi ya migawo iliyomo katika pakiti, na kila namba inayofuata chini yake inaitegemea. Mtu akiisoma sukari bila kuusoma mgawo, ni kama amesoma bei ya kitambaa bila kuambiwa kama ni ya mita au ya robo mita.

Granola ndiyo iliyotufundisha jambo hili kwa vitendo. Ni mfuko wa gramu 450 uliogharimu shilingi 18,500, wa shayiri iliyookwa pamoja na asali, lozi na mbegu za maboga, na ladha yake ni nzuri sana. Shayiri imeiva sawasawa, haigandi kwenye meno, na harufu ya asali haijazidi. Jedwali linasema kilokalori 140 na sukari gramu 7 kwa mgawo wa gramu 30. Nilimwomba Mama ajipakulie kama anavyojipakulia siku zote, katika bakuli lile lile la bluu analonywea uji, kisha nikalipima. Lilikuwa na gramu 95. Nilipoziweka gramu 30 peke yake katika bakuli jingine, zilifunika sehemu tu ya kitako, na Mama alizitazama kwa muda kabla ya kuuliza, "Mwanangu, hii ni ya kula au ya kuonja?" Kwa bakuli lake la kawaida, kilokalori zilikuwa 443 na sukari gramu 22, zaidi ya vijiko vitano vya chai, kabla hatujatia maziwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru, yaani sukari inayotiwa katika chakula pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000 ni takriban gramu 25. Kwa hiyo kifungua kinywa kilichonunuliwa ili kumlinda Mama na sukari kilikuwa kinamaliza karibu posho yake yote ya siku kabla ya saa mbili asubuhi.

Nilijiuliza kama pengine Mama hula kupita kiasi. Basi nikawapima na wengine wa nyumbani, bila kuwaeleza sababu. Mke wangu alijipakulia gramu 80, kijana wetu wa kidato cha tatu gramu 130, nami gramu 105. Hakuna hata mmoja aliyekaribia 30. Siwezi kuitumia familia moja kuwasemea watu wote, lakini ninaweza kusema kwamba katika nyumba hii mgawo ulioandikwa kwenye mfuko huo haujawahi kuliwa na mtu yeyote.

Kripsi za ndizi zinastahili kuelezwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ndizo zilizonikasirisha. Zimetengenezwa hapa hapa nchini, ndizi zake ni nzuri, zimekatwa nyembamba na kukaangwa bila kuungua, nami ningependa sana kuzisifu bila masharti. Uso wa pakiti una jani la mgomba, neno "asilia", na duara la kijani lenye maneno "kilokalori 130 tu" na "mafuta chini ya gramu 8". Kauli zote mbili ni za kweli kwa gramu 25. Ila jedwali la nyuma linasema mafuta ni gramu 7 kwa mgawo huo, sawa na gramu 28 kwa kila gramu 100, na zaidi ya robo ya uzito wa chakula ikiwa mafuta, sioni kwa nini duara lake liwe la kijani. Miongozo ya Codex Alimentarius, ile tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa na FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 1963, inataka chakula kigumu kinachojiita cha mafuta kidogo kisizidi gramu 3 za mafuta kwa gramu 100. Mtengenezaji hakuyatumia maneno "mafuta kidogo", na sidhani kwamba aliyasahau. Aliandika namba iliyo kweli na kuiacha imfikishe msomaji pale ambapo yale maneno yasingeruhusiwa kumfikisha.

Mgawo wenyewe una tatizo jingine. Jedwali linasema pakiti ina "migawo 3 hivi". Themanini ukigawanya kwa 25 unapata 3.2, na hilo neno "hivi" limemeza gramu 5. Ni kidogo, nakubali, ila yule anayezidisha kwa 3 kwa nia njema anapata kilokalori 390 wakati amekula 416. Pia kuna chumvi. Sodiamu ni miligramu 160 kwa mgawo, namba isiyomshtua mtu, na imeandikwa sodiamu badala ya chumvi, hivyo msomaji anatakiwa azidishe kwa 2.5 ndipo apate chumvi yenyewe. Pakiti nzima ina miligramu 512 za sodiamu, ambazo ni takriban gramu 1.3 za chumvi, robo ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidishwe kwa siku nzima. Mama ana presha pia, kama wengi wenye kisukari cha umri wake.

Kuna kipimo kimoja ambacho nimejitungia katika kazi hii na ambacho hakihitaji mizani. Ninaitazama pakiti yenyewe: je, inafungika tena? Mfuko wa granola una zipu ya plastiki mdomoni, kwa hiyo mtengenezaji wake walau anategemea kwamba kitabaki kitu cha kuhifadhi. Pakiti ya kripsi haina zipu wala kibandiko, inachanwa juu hadi chini, na kripsi zilizoachwa wazi katika hewa ya Dar es Salaam hulainika kabla ya jioni. Aliyebuni karatasi ile alijua kwamba itamalizwa na mtu mmoja kwa mara moja, akiwa kwenye daladala au mbele ya runinga. Aliyeandika jedwali lililochapwa juu ya karatasi hiyo hiyo anadai kwamba italiwa na watu watatu. Hao wawili ni kampuni moja.

Kwa nini jambo hili linaruhusiwa? Jibu nililolipata ni kwamba duniani kuna desturi mbili, na rafu zetu zimezipokea zote bila kuzioanisha. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inamlazimisha mtengenezaji kuandika virutubishi kwa gramu 100 au mililita 100; akitaka kuongeza safu ya mgawo ni ruhusa, lakini ile ya gramu 100 haondoi. Kwa namna hiyo mtu anaweza kuweka pakiti yoyote kando ya nyingine na kuzilinganisha. Marekani wamefuata njia ya mgawo tangu lebo yao ya virutubishi ilipoanza kuonekana madukani mwaka 1994 kufuatia sheria ya mwaka 1990, na safu ya gramu 100 hawailazimishi. Codex inaanza na gramu 100, halafu inazifungulia nchi zenye desturi ya mgawo ruhusa ya kuandika mgawo peke yake, mradi idadi ya migawo iliyomo katika pakiti itajwe. Ndiyo maana katika rafu yenye urefu wa mita nne nilikuta biskuti kutoka Ulaya zenye safu mbili, granola yenye safu ya mgawo pekee, karanga za hapa nyumbani zenye safu ya gramu 100 pekee, na vipande vya tende kutoka Ghuba ambavyo jedwali lake lilikuwa limefunikwa nusu na kibandiko cha msambazaji. Mama alikuwa anaulinganisha urefu wa vitu huku kila kimoja kimepimwa kwa futi yake.

Katika mazingira hayo anayeumia ni mkweli. Mtengenezaji wa karanga, ambaye kwa kadiri ninavyoona ni mjasiriamali mdogo mwenye pakiti ya plastiki nyeupe na lebo ya rangi mbili, aliandika kilokalori 585 kwa sababu ndizo zilizomo. Hakujigawia gramu 20 ili aandike 117. Matokeo yake bidhaa yake inaonekana nzito kuliko zote katika rafu nzima, na mwanamke mwenye kisukari anairudisha kwa hofu. Ikiwa hali itaendelea hivi, mtu huyo atajifunza kutoka kwa jirani zake, na lebo yake ijayo itakuwa na duara la kijani.

Wamarekani, kwa haki, wameirekebisha njia yao, na kitafunwa changu cha nne ni ushahidi. Ni mchanganyiko wa korosho, lozi, zabibu kavu na mbegu za alizeti katika pakiti ya gramu 70, ulioagizwa kutoka huko, shilingi 7,500. Mgawo wake ni gramu 28 na pakiti ina migawo 2.5, jambo ambalo lingekuwa na kasoro ile ile ya kripsi kama jedwali lisingekuwa na safu mbili zilizosimama bega kwa bega: kwa mgawo, kilokalori 160, kwa pakiti, kilokalori 400. Hakuna hesabu ya kufanya. Mama alizielewa namba zile mara moja bila msaada wangu. Safu hiyo ya pili haikutokana na ukarimu wa mtengenezaji. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilibadilisha kanuni zake, na wazalishaji wakubwa wakapewa hadi Januari 2020 kuzitimiza. Pakiti isiyofikia maradufu ya kiasi ambacho watu hula kwa kawaida sharti ihesabiwe kuwa mgawo mmoja, hata kama zamani iliandikwa miwili. Ile iliyo kati ya maradufu na mara tatu sharti iwe na safu mbili. Kiasi cha kawaida chenyewe kilitazamwa upya kwa kufuata watu wanavyokula kweli: aiskrimu ikapanda kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili za kikombe, na soda kutoka aunsi 8 hadi 12, aunsi moja ikiwa takriban mililita 30, huku chupa ya soda ya aunsi 20, ambayo awali ilihesabiwa kuwa zaidi ya migawo miwili, ikawa mgawo mmoja. Sukari iliyoongezwa nayo ikapewa mstari wake.

Pamoja na hayo, mgawo bado una hila moja ambayo marekebisho hayo hayakuigusa, nayo ni sifuri. Kwa kanuni za Marekani, sukari ikiwa chini ya nusu gramu kwa mgawo inaruhusiwa kuandikwa gramu 0. Basi ukitengeneza peremende ndogo isiyofikia nusu gramu, na mgawo wake ukawa peremende moja, unaweza kuandika sukari gramu 0 katika kitu ambacho karibu chote ni sukari. Mafuta ya kupuliza kwenye kikaangio yanauzwa yakiwa na kilokalori 0 kwa sababu mgawo wake ni mpulizo wa robo sekunde, na chini ya kilokalori 5 nako huandikwa 0. Kilichomo ndani ya chupa kwa sehemu kubwa ni mafuta. Nililitaja hili kwa jirani yetu anayeyatumia mafuta hayo kila siku akiamini hayana kitu, na alikwenda kuichukua chupa jikoni kwake ili tuisome pamoja; robo sekunde ilikuwa imeandikwa pale pale, na hakuwahi kuiona kwa miaka miwili.

Vipande vya tende ndivyo vilivyobaki, na hapa kosa lina sura mbili. Karatasi moja ina vipande viwili vya gramu 21 kila kimoja, navyo vimelazwa sambamba ndani ya kifungashio kimoja kisichofungika tena. Jedwali, baada ya kubandua kile kibandiko, linahesabu kipande kimoja: kilokalori 85, sukari gramu 8. Sijawahi kumwona mtu akila kimoja na kukirudisha cha pili. Vyote viwili vina kilokalori 170 na sukari gramu 16, vijiko vinne vya chai, na kwa gramu 100 sukari inafika 38.

Sura ya pili ni maneno ya mbele: "bila sukari iliyoongezwa". Katika orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida ya viwango hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, ya kwanza ni shayiri, ya pili tende, ya tatu sharubati ya tende, ya tano juisi ya tufaha iliyokolezwa. Tende nzima sina ugomvi nayo. Sukari yake imo ndani ya tunda pamoja na makapimlo yake, na Shirika la Afya Duniani haliihesabu kuwa sukari huru. Sharubati iliyokamuliwa kutoka kwenye tende, na juisi iliyokolezwa, ni habari nyingine, kwani shirika hilo hilo linazitaja bayana katika kundi moja na sukari ya mezani na asali. Tena kuzigawa kwa majina mawili kumeiwezesha shayiri kukaa juu ya orodha. Kama utamu wote ungeandikwa kwa jina moja, sina hakika kama shayiri ingebaki ya kwanza. Ladha? Ni tamu mno, inaacha kiu, na kwa shilingi 3,500 kwa gramu 42 ni ghali kuliko tende safi za kilo ambazo zinapatikana Kariakoo na ambazo hazijidai chochote.

Neno "afya" lenyewe nalo lina historia inayopaswa kumfanya mnunuzi awe mwangalifu. Mwezi Machi mwaka 2015 FDA iliiandikia kampuni ya KIND barua ya onyo kwa kuliweka neno hilo kwenye baadhi ya vipande vyake vya karanga na matunda, kwa kuwa mafuta yaliyoshiba, yaani aina ya mafuta inayohusishwa na ugonjwa wa moyo, yalizidi gramu 1 kwa mgawo, kiwango cha wakati huo. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa yalitoka kwenye lozi na karanga nyingine, na kampuni ikatetea hoja hiyo. Mwaka uliofuata FDA ikaliruhusu neno lirudi, na ufafanuzi mpya wa neno hilo ukatolewa Desemba 2024. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kwamba kwa miaka mingi kanuni ile ilikataza mafuta ya lozi huku ikiwa haina ukomo wowote wa sukari iliyoongezwa. Mnunuzi aliyeliamini neno lililoko mbele ya pakiti alikuwa anaamini jambo ambalo hata wataalamu walikuwa hawajalimaliza.

Nimesikia hoja kwamba wajibu ni wa mlaji: mgawo umeandikwa, basi azidishe. Ninaikataa hoja hiyo. Mama alifundisha darasa la nne kwa miaka 28 na kuzidisha hakumshindi. Tatizo ni kwamba anaombwa azidishe 130 kwa 3.2 akiwa amesimama dukani, kwa herufi ambazo mimi mwenye macho mazima nililazimika kuzipiga picha kwa simu na kuzikuza ndipo nizisome, halafu ailinganishe hesabu hiyo na pakiti nyingine yenye kipimo tofauti. Wengi wa wanaohitaji lebo hizi zaidi ni watu wazima wenye kisukari au presha, ambao macho yao ndiyo ya kwanza kudhoofika. Isitoshe, namba zenyewe zina nafasi ya kuteleza: nchini Marekani, kwa mfano, kilokalori, mafuta na sukari zinaweza kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20 kabla lebo haijahesabiwa kuwa na kosa. Mtelezo huo nao unazidishwa kila mara mgawo unapozidishwa.

Chile walipochoka na hesabu za namna hii, kuanzia Juni 2016 waliweka alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti, zinazosema chakula kina sukari, sodiamu, mafuta yaliyoshiba au nishati nyingi kwa kipimo cha gramu 100, na Mexico ikafuata mwaka 2020. Mtengenezaji hawezi kuikwepa alama kwa kupunguza mgawo, kwa kuwa mgawo hauhusiki. Sisi tuna Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa ya Tanzania. Ninaloliomba kwao ni dogo kuliko la Chile: safu ya gramu 100 iwe ya lazima katika kila pakiti inayouzwa nchini, iwe ya ndani au ya nje, kwa herufi zinazosomeka, na pakiti isiyofungika tena ihesabiwe kuwa mgawo mmoja. Na msambazaji asiruhusiwe kubandika kibandiko chake juu ya jedwali.

Sasa niseme ni kipi ninachoshauri kinunuliwe. Karanga, shilingi 2,000 kwa gramu 100, ndizo bora kwa mbali. Zimekaushwa vizuri, hazina chumvi nyingi, na lebo yake ni ya kweli kuliko zote. Kwa Mama tunazigawa pakiti moja mara tatu, kwani karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mchanganyiko wa Kimarekani una lebo nzuri na ladha nzuri, lakini ukipiga bei yake kwa gramu 100 unapata zaidi ya shilingi 10,700, na korosho zilizomo pengine zililimwa karibu nasi kuliko zilikofungwa. Mtu anaweza kununua korosho na zabibu kavu sokoni akazichanganya mwenyewe. Granola ninaikubali kwa sharti la mizani. Kripsi ni za kijana, kwa siku moja moja, si za mgonjwa, na ningezinunua kwa moyo mweupe kama duara lile la kijani lingesema kilokalori 416. Vipande vya tende hatutavinunua tena.

Nilimwandikia mtengenezaji wa kripsi kupitia anwani iliyo kwenye pakiti, nikimweleza yale niliyoyaeleza hapa. Alijibu baada ya siku nne, kwa adabu, kwamba mgawo wa gramu 25 umewekwa kwa kufuata bidhaa nyingine za aina hiyo zilizoko sokoni, na kwamba maoni yangu yamefikishwa panapohusika. Mama, kwa upande wake, amelipaka bakuli lake la bluu mstari wa rangi ya kucha kwa ndani, pale zinapofika gramu 40, na granola haivuki mstari huo.